Dakika Saba Mlangoni

Mlango wa kanisa letu ulifungwa saa tatu kamili asubuhi kila Jumapili, na haukufunguliwa tena mpaka wimbo wa kwanza na sala ya toba viwe vimekwisha. Aliyechelewa alingoja nje, kimya. Aliyethubutu kubisha alipewa adhabu: Jumapili iliyofuata alisimama kwenye kibaraza cha mbele, kisicho na paa, kofia mkononi, tangu mlango ulipofungwa hadi baraka ya mwisho, liwe jua au iwe mvua. Sheria hiyo haikuandikwa ukutani, kwa kuwa hapakuwa na mtu asiyeijua. Watoto waliijua kabla ya kujua kusoma.

Ufunguo niliushika mimi, kwa miaka thelathini na mmoja. Kazi yangu ni ufundi wa saa. Duka langu lilitazamana na kanisa, na saa ya mnara, ile iliyoachwa na wamisionari, nayo ilikuwa mikononi mwangu. Mji mzima ulirekebisha saa zake kwa mnara, na mnara niliurekebisha mimi. Wenye midomo waliniita Bwana Dakika. Jina hilo halikunikera. Kilichonikera, tena hadi mshipa wa kichwa ukasimama, ni mtu kuchelewa na kisha kutabasamu.

Na mtu huyo alikuwa mkwe wangu. Binti yangu, kitinda mimba wetu, aliolewa na fundi rangi ambaye hakuna aliyemwita kwa jina la ubatizo. Aliitwa Nakuja, maana ndilo jibu alilompa kila mtu. Ukimwita apake ukuta, "Nakuja." Ukimwita mezani, "Nakuja." Siku ya harusi yake mwenyewe alitukuta tumekwisha kuketi, kola ya shati ina doa la rangi ya kijani, naye akatutazama kwa furaha kama mtu aliyetuletea zawadi. Mke wangu alicheka. Mimi sikucheka siku hiyo, wala mwaka ule.

Jumamosi ya kutangulia Majilio, yale majuma manne ya kuingoja Krismasi, ndiyo siku niliyoisafisha saa ya mnara kila mwaka. Nakuja aliahidi kufika saa mbili asubuhi, anishikie ngazi, kisha azipake upya tarakimu zilizofifia. Saa mbili ikapita. Saa tatu ikapita. Nilipanda peke yangu, na umri huu, nikaisimamisha saa, nikaifuta masizi na kuitia mafuta, huku nikimsema kwa sauti, njiwa wakiwa mashahidi. Ilipokaribia saa tano ndipo nikasikia ndoo ikigonga ukuta chini.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Ulisema saa mbili. Unatoka nchi gani?"

"Mwenzangu hakulala, baba. Mgongo unamsumbua."

"Kwa hiyo mgongo wa mkeo ndio uliokushika miguu?"

"Ulinishika mikono, baba. Nilikuwa naukanda."

Nilikasirika kiasi kwamba kibano kilinitoka mkononi kikaanguka kwenye rangi yake. Siku zote nilisubiri milio ya saa redioni ndipo nikaiweka saa ya mnara. Siku hiyo betri za redio zilikuwa zimekufa, nami sikuwa na subira ya kwenda kutafuta nyingine. Niliitoa saa yangu ya mfukoni, ile ambayo haikuwahi kunichelewesha popote, nikasogeza akrabu za mnara, mishale yake miwili, zilingane nayo, nikafunga, nikashuka, nikapita kando ya mkwe wangu bila kumuaga.

Kesho yake ilikuwa Jumapili ya kwanza ya Majilio. Mshumaa wa kwanza uliwashwa. Mnara ulipoanza kugonga saa tatu nilizungusha ufunguo, na ulipomaliza pigo la mwisho nilikuwa nimekwisha kuketi kwenye kiti changu kando ya mlango. Tukaanza wimbo. Ulikuwa ule wa kumsihi Bwana aje, asikawie, aje kwetu tulio gizani. Tuliuimba vizuri.

Katika ubeti wa kwanza mlango ukabishwa.

Haukubishwa kwa adabu. Ulipigwa kwa ngumi. "Baba! Fungua, baba! Mama mdogo yumo humo?"

Watu wachache walicheka chini chini, kwa kuwa sauti waliijua. Upande wa wanawake mke wangu alisimama. Nilimtazama. Akaketi. Nikampungia mkono mpiga kinanda aongeze sauti, naye akaongeza, na kanisa zima likapaza sauti juu ya ngumi zile. Nilisema moyoni: huyu sasa ameleta mzaha wake mpaka katika Majilio.

Shemeji yangu, mdogo wake mke wangu, ndiye mkunga wa mji na ndiye aliyeshika funguo za zahanati. Siku za ibada alikuwa sauti ya pili katika kwaya, na benchi lake lilikuwa chini ya dirisha. Alichungulia nje. Kisha, katikati ya ubeti, akasema kwa sauti iliyokata wimbo wote: "Shemeji, ufunguo!"

Nilimwonyesha kiganja: ngoja.

Hakungoja. Alikunja joho la kwaya mpaka magotini, akapanda juu ya benchi, mwanamke wa kilo tisini, akatoka dirishani akitanguliza mguu wa kushoto. Sauti ya pili ikafa. Nasi tukaendelea. Tukamaliza beti zote sita. Tukapiga magoti, tukasali sala ya toba, nami niliisali neno kwa neno, nikiwa na hasira juu ya dirisha lile.

Ndipo nikafungua.

Binti yangu alikuwa amelala juu ya turubai la fundi rangi, lenye madoa ya kila nyumba ya mji huu. Chini ya kichwa chake palikuwa na koti la mwalimu mstaafu. Mwokaji wa mikate alikuwa amepiga goti, ameshika beseni la maji yanayofuka mvuke, ya kutoka tanuri lake la jirani. Wawili hao hawakuwahi kuchelewa ibada maishani mwao. Walikuta mlango umefungwa, na kwa heshima hawakubisha, wakabaki nje. Shemeji alikuwa ameinama juu ya kitu kidogo chenye rangi ya wino, akikipulizia pumzi mdomoni. Kitovu kilikuwa kimejisokota shingoni. Alipuliza, akasikiliza, akapuliza. Kisha pakatoka sauti, nyembamba, kama bawaba iliyokosa mafuta.

Gari la mikate liliwachukua kwenda hospitali. Kabla ya kupanda, shemeji alinigeukia, mikono yake imelowa damu.

"Umemaliza sala ya toba, shemeji?"

Swali hilo nilimhesabia kuwa ni utovu wa adabu.

Alasiri ile niliitisha baraza la wazee. Mchungaji wetu, kijana mpole, alisihi. "Mzee wangu, mtu alikuwa na mke anayejifungua."

"Sheria haisemi 'isipokuwa'," nikasema. "Amebisha mlango umefungwa. Tukimsamehe kwa sababu ni mkwe wangu, watasema ufunguo ni wa ukoo."

Nakuja alikuja kutoka hospitali na shati lile lile. Alisimama mbele yetu akasema jambo lililonitibua kuliko ngumi zake.

"Wazee wangu, mimi mnanijua. Huchelewa. Lakini leo sikuchelewa. Uchungu ulipomshika mke wangu nilimpeleka zahanati, nikakuta kufuli. Nikachungulia saa ya ukutani: saa tatu kasoro dakika kumi na mbili. Nikajua mama mdogo yuko kanisani na mlango haujafungwa. Tulikuwa njia panda mnara ulipogonga. Nilidhani nimerukwa na akili. Tulifika hapa kasoro tano."

"Unauita mnara mwongo?" nikauliza.

"Simwiti mtu mwongo, baba. Nasema nilichoona. Mwalimu naye alikuwepo. Mwalimu, saa yako ilisemaje?"

Mwalimu mstaafu, aliyenifundisha kuandika mimi mwenyewe, aliitazama saa yake ya mkono kwa aibu. "Ilisema kasoro nne nilipofika. Lakini saa hii imechoka, kama mwenyewe. Fundi hawezi kukosea."

Hivyo ndivyo alivyosema. Nami niliyapokea maneno hayo kama haki yangu.

"Basi nitasimama," akasema Nakuja. "Lakini sikuchelewa."

Nilipofika nyumbani nilimkuta mke wangu akifunga khanga zake katika furushi.

"Unakwenda wapi, mama watoto?"

"Kwa mwanangu. Nyumba yake haina mtu wa kuwasha moto."

"Na hii?"

Alikaza fundo kwanza. "Nilisimama, ukanitazama, nikaketi. Miaka arobaini ukinitazama naketi. Leo nimeketi mwanangu akizaa juu ya sakafu, mlango mmoja tu kutoka magotini mwangu. Sijakukasirikia wewe, baba watoto. Nimejikasirikia mimi. Ukisimama karibu nami nitachanganya, nikukasirikie wewe." Akatoka.

Jumatatu asubuhi nilifungua duka kama kawaida. Wa kwanza kuingia alikuwa mwalimu, ameifunga saa yake katika leso.

"Itazame, mwanangu. Inabaki nyuma dakika saba. Sijawahi kufungiwa nje ya kanisa."

Niliifungua, nikaweka lenzi jichoni. Kamani, springi inayoiendesha, nzima, meno safi, hakuna hata chembe ya vumbi. Sikuona ugonjwa. Nikaisogeza mbele dakika saba, ilingane na mnara, nikamrudishia, naye akaondoka akinishukuru kwa namna ambayo hata leo siwezi kuikumbuka bila kuona haya.

Haikupita nusu saa, mwokaji akaingia na saa yake ya mezani, nzito, yenye kengele mbili juu.

"Fundi, kuna maajabu. Inachelewa dakika saba. Na mikate yangu haijaungua hata mmoja. Sasa mikate nayo inasema uongo?"

"Iache," nikasema.

Aliniachia. Nikaifungua, na humo pia hapakuwa na ugonjwa. Nikakaa nikiitazama. Saa mbili za viwanda viwili tofauti, moja ya mkononi na moja ya mezani, haziwezi kubaki nyuma dakika zile zile siku ile ile. Mwanafunzi wa ufundi wa mwezi mmoja angelijua hilo. Nikatia redio betri mpya. Nikaingoja saa nne. Milio sita ikalia, na huo wa sita ulipolia, saa yangu ya mfukoni ilisema saa nne na dakika saba.

Ndipo nikakumbuka. Mwezi wa tisa nilikwenda kumzika rafiki yangu nikakuta udongo umeanza kutupwa. Nilirudi nyumbani nikiwa na uchungu, nikaisogeza saa yangu mbele dakika saba, ili nisichelewe tena popote. Tangu siku hiyo kila nilipoitazama nilitoa saba kichwani, bila hata kuwaza, kama mtu anavyoinamisha kichwa kwenye mlango mfupi wa nyumba yake. Jumamosi ile juu ya ngazi, kwa hasira, sikutoa.

Mkwe wangu alifika kasoro tano. Mlango ulipaswa kuwa wazi.

Nitasema nilichofanya, kwa kuwa hakuna faida ya kukificha sasa. Nilimrudishia mwokaji saa yake nikamwambia, "Haina kitu, ilihitaji kupumzika." Jumanne nilipanda mnarani peke yangu nikazirudisha akrabu nyuma dakika saba. Kisha nikashuka, nikanyamaza. Nilimkasirikia Nakuja kwa kuchelewa Jumamosi, maana asingechelewa nisingekasirika. Nilimkasirikia rafiki yangu aliyekufa. Nilipokwisha kuwakasirikia watu nilimkasirikia Mungu, tena kwa sauti, nikiwa nimesimama katikati ya duka. Nilimwambia: miaka thelathini na mmoja nimekulindia mlango. Sijaugua Jumapili hata moja. Na siku uliyotaka kunijaribu, ulichagua dakika saba nilizokosea? Saa za ukutani ziliendelea kugonga, kila moja kwa mdundo wake.

Jumatano nilikwenda hospitali. Shemeji alinizuia mlangoni mwa wodi.

"Analishwa maziwa kwa matone. Tone, tunangoja. Tone, tunangoja. Dakika zile za nje zimemla nguvu. Sijui, shemeji. Labda kabla ya Krismasi tutajua kama anakaa au anaondoka."

"Niingie?"

"Ingia. Hapa hatufungi."

Binti yangu aliniona, akageuza uso ukutani. Mkwe wangu alikuwa ameketi kando ya kitanda, mtoto kifuani ndani ya shati, ngozi kwa ngozi, kama alivyoelekezwa. Aliponiona aliinuka polepole ili asimwamshe, akanisogezea kiti chake kwa mguu.

"Karibu, baba. Keti."

Ningependa anitukane. Mtu akikutukana unajua pa kusimama. Sikuketi. Niliondoka kwa hasira, na nilipofika barabarani sikuweza kusema ni hasira juu ya nani.

Jumapili ya pili ilinyesha tangu alfajiri. Nakuja alifika saa mbili na nusu. Watu waliokuwa wakikunja miavuli walishangaa.

"Jamani, Nakuja amekuja!"

"Leo dunia inaisha," akasema mwingine.

Naye alicheka nao, akavua kofia, akasimama kwenye kibaraza mahali pale pale palipokuwa na turubai. Doa la damu lilikuwa halijatoka vizuri kwenye saruji. Mnara ukagonga saa tatu, saa tatu ya kweli. Nikafunga. Nilizungusha ufunguo mara mbili, mkwe wangu akinitazama kwa heshima kupitia upenyo mpaka ulipoisha.

Somo la siku lilikuwa lile la wasichana kumi na taa zao, na mlango uliofungwa. Nalijua somo hilo tangu utoto. Kila mwaka nilipolisikia nilijiona upande wa mwenye nyumba. Mshumaa wa pili ukawashwa. Tukaimba tena wimbo wa kumsihi Bwana aje.

Hapo nikamsikia. Kiti changu kilikuwa karibu na tundu la ufunguo, na kupitia tundu lile ilikuja sauti ya mwanamume anayeimba nasi. Aliimba besi. Alikuwa nyuma kidogo ya kinanda, nusu ya pigo, kwa maana hata wimbo Nakuja aliufuata kwa kuchelewa. Alimsihi Bwana aje. Ndani tulimsihi Bwana aje. Kati yetu palikuwa na mbao ya unene wa vidole vitatu, na kufuli, na ufunguo wa kufuli ulikuwa mfukoni mwangu, umepata joto la mwili wangu.

Sikuona mwanga. Sikusikia neno kutoka juu. Nawachukia wanaosimulia mambo hayo kirahisi. Lakini nilijua, kama ninavyojua kwa kidole kwamba kamani imekatika kabla sijafungua saa, kwamba yule tuliyekuwa tukimwita hakuwa mbele penye mishumaa. Alikuwa upande wa pili wa mbao ile, amelowa. Alikuwa pale Jumapili iliyopita pia, alikuwa amebisha, tena kwa ngumi, na mimi nilimwagiza mpiga kinanda aongeze sauti. Nilishikwa na hasira ambayo sijawahi kuijua, na safari hii haikuwa na mahali pengine pa kwenda. Ilinirudia yote.

Niliinuka, nikafungua katikati ya ubeti. Kinanda kikanyamaza.

"Ingia," nikamwambia.

Nakuja alinitazama, maji yakimtiririka puani. "Bado, baba. Baraka bado. Watasema umenipendelea."

"Nimesema ingia!"

"Baba, hii ni sheria yako."

Nilimkamata kola iliyolowa, nikamvuta ndani, nikampeleka mbele ya wote kama polisi anavyompeleka mwizi. Huko mbele niliitoa saa yangu ya mfukoni, nikaiweka mezani karibu na mishumaa, nikasema yote: dakika saba, mwezi wa tisa, redio, Jumatatu, Jumanne. Nilisema kwamba mtu huyu hakuchelewa, na kwamba nilijua hivyo siku sita kabla ya kumfungia mvuani.

Mwalimu mstaafu akainuka, akiegemea benchi.

"Jumatatu ulikuwa na saa yangu mkononi. Nzima. Ukanirudishia imeharibika." Aliinua mkono wenye saa ile. "Na mbele ya baraza mimi nilimwangusha kijana huyu kwa ajili yako. Nilisema fundi hawezi kukosea. Wiki nzima umeniacha na neno hilo mdomoni."

"Ndiyo, mwalimu."

"Usiniitikie 'ndiyo, mwalimu'. Aibu!"

"Aibu, mwalimu."

Mchungaji aliinua mikono. "Ndugu zangu, mzee wetu amekiri. Ni Majilio. Tumsamehe, yamekwisha."

"Hayajaisha," nikasema, nami nilikuwa mkali kuliko nilivyokusudia. "Mchungaji, usinipunguzie. Kibaraza kile kina deni langu. Jumapili moja ni ya mlango niliomfungia mwanangu kabla ya wakati, na nyingine ni hii niliyomwibia mkwe wangu. Nitasimama Jumapili mbili."

"Mzee, una miaka sabini."

"Sheria haisemi 'isipokuwa'."

Nilimpa Nakuja ufunguo. Aliupokea kwa mikono miwili akautazama kama kitu kinachoweza kuuma. Kutoka benchi la nyuma sauti ya mwanamke ikasema, "Jamani, tutaanza ibada saa sita!" Kanisa likacheka, lakini mwalimu hakucheka. Hata mimi sikucheka.

Jumapili ya tatu ilikuwa ya jua. Nakuja alifunga mlango saa tatu kamili, na nilipousikia ufunguo ukizunguka mara mbili nilielewa jinsi sauti hiyo ilivyo upande wa nje. Mtu akiwa ndani huisikia kama utaratibu. Nje ni kitu kingine. Ule wimbo wa kumsihi Bwana aje, ukiusikiliza ukiwa kibarazani, haueleweki. Unashindwa kujua kama wanamwita au wanamzuia. Mwanamke mpita njia, kikapu kichwani, alisimama.

"Shikamoo, mzee. Wamekufungia?"

"Marahaba, mwanangu. Nimejifungia."

Alinitazama kwa huruma, akaenda zake. Kichwa kilichoma. Miguu ilivimba. Nilisimama.

Ijumaa iliyofuata shemeji alipita dukani bila kuingia, akasema kutoka barabarani, "Ameanza kunyonya. Leo wanarudi nyumbani," akaendelea na safari yake. Nilifunga duka saa nne asubuhi, jambo ambalo sijawahi kulifanya, nikaketi ndani gizani mpaka mchana, nikitaka kulia na nikikasirika kwa kutaka kulia.

Jumapili ya nne palikuwa na manyunyu. Nilivua kofia. Nakuja alisimama kizingitini, ufunguo mkononi, mnara ukaanza kugonga.

"Funga," nikamwambia.

"Baba, mke wangu hajafika. Wako njiani na mama."

"Saa tatu ni saa tatu. Funga."

Alifunga. Dakika mbili baadaye niliona mwavuli ukipinda kona. Mke wangu aliushika. Chini yake binti yangu alitembea polepole, blanketi mikononi. Walipanda kibarazani wakasimama karibu nami. Katika miaka arobaini sikuwahi kumwona mke wangu akichelewa.

"Tumechelewa," akasema.

"Wewe?"

"Tulingoja kwenye kona mpaka kengele iishe. Nilitaka kuona huku nje kukoje."

Binti yangu hakuwa amenisemesha kwa majuma matatu. Alilisogeza blanketi kifuani mwangu, bila kuniangalia usoni. "Mshike, baba. Mkono umeniuma."

Nilimpokea. Alikuwa na uzito wa saa ya mezani, na pumzi yake ilikuja na kwenda kwa mwendo wake, bila kufuata kipimo chochote ninachokijua. Tone la mvua likamwangukia shavuni akakunja uso, kwa hasira. Nilimtambua kuwa ni wa kwetu.

Ndani walikuwa wamefikia ubeti wa pili. Nilinyoosha mkono, nikabisha mlango kwa ngumi, mara tatu.

Ufunguo ulizunguka kabla sijashusha mkono. Kumbe alikuwa amesimama papo hapo. "Baba?"

"Mtoto analowa," nikasema. "Waingize."

Binti yangu alimchukua mwanawe akaingia, na wimbo haukukatika. Nilisikia tu ukiyumba, kisha ukapanda. Nakuja alishikilia mlango. "Na wewe, baba?"

"Mimi nimebisha mlango umefungwa. Naona nimejiongezea Jumapili ya tatu. Funga."

"Sifungi tena, baba. Simama ukitaka, lakini mlango siufungi."

Aliuacha wazi, akaweka kiti changu cha zamani kuuzuia usirudi. Mke wangu alibaki nje nami, ameshika mwavuli juu yetu wawili. Nilisimama mpaka mwisho. Mchungaji alipoinua mikono kwa baraka, Nakuja alinipungia niingie niipokee ndani. Nilitikisa kichwa. Niliipokea pale niliposimama, kofia mkononi, na kanisa lilipoitikia amina, nami nikaitikia, ndipo nilipovuka kizingiti.